Lalamiko Ukilifuta, Linahama

Tangu Rais William Ruto atie saini, Oktoba 2025, marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kurasa kadhaa za maduka ya mtandaoni hapa Nairobi zimepata mstari mpya chini ya picha za bidhaa. Huandikwa kwa herufi kubwa: atakayetuharibia jina tutakutana mahakamani. Nimeuona kwa muuza wigi, kwa muuza viatu vya mtumba, na hata kwa mama mmoja anayeoka keki za siku ya kuzaliwa. Wauzaji hawa wameamini kwamba serikali imewapa rungu la kumnyamazisha mteja anayeandika kwamba kiatu kilikuja kikubwa au pesa zake zimeliwa. Kuhusu sheria wamekosea, na nitaeleza kwa nini. Kuhusu biashara wamekosea zaidi. Lalamiko lililoachwa mahali kila mtu analiona, likiwa na jibu la muuzaji chini yake, ni mali ya muuzaji huyo. Katika mji ambao mtu hutuma pesa kwa asiyemjua kabla hajauona mzigo, sioni kitu kingine kinachoweza kumpa imani mtu huyo.

Tuanzie nyuma kidogo. Zamani ukinunua redio Luthuli Avenue ikaharibika wiki hiyohiyo, ulijua pa kuirudisha. Muuzaji angekuzungusha, angekuambia fundi ametoka, angekuambia uje Jumanne, lakini kibanda kilikuwa palepale na majirani zake walikuona ukija kila siku umekumbatia redio. Aibu ile ya kuonekana ndiyo iliyokuwa dhamana yako. Biashara ya mtandaoni imeiondoa. Duka sasa ni ukurasa wa Instagram au TikTok, kaunta ni nambari ya WhatsApp, na bidhaa yenyewe mara nyingi haiko mikononi mwa anayeiuza. Ukishalipa ndipo anapokimbia Kamukunji, Eastleigh au Gikomba kuitafuta. Jumia ilipoingia Kenya mwaka 2013 ilimtuliza mnunuzi mwenye wasiwasi kwa kumruhusu alipe anapopokea mzigo. Muuzaji mdogo hana ubavu huo, na ameshaumwa na nyoka huyo: alituma bodaboda hadi Rongai, mteja akazima simu, mzigo ukarudi, nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yake. Ndiyo maana anataka pesa kwanza, na simlaumu. Ila akumbuke alichofanya hapo. Hatari iliyokuwa yake ameihamishia kwa mnunuzi, na mnunuzi amebaki na kinga moja tu, mdomo wake.

Wapo watakaosema mnunuzi ana sheria. Ni kweli anayo, tena nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya 2012 inaitaja mikataba ya intaneti waziwazi. Na tangu 2021 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Sasa chukua kiatu cha Sh2,500. Ni nani atakayeomba ruhusa kiwandani Industrial Area, apande matatu hadi Milimani, ajaze fomu, kisha arudi tena siku ya kusikilizwa, kwa ajili ya kiatu? Atakachofanya ni kuandika sentensi mbili chini ya picha ya kiatu hicho akiwa kwenye foleni ya matatu pale Odeon. Kwa mtu wa kipato chake, hiyo komenti ndiyo mahakama. Muuzaji anayeifuta hajashinda kesi, amebomoa jengo tu.

Nirudi kwenye lile rungu. Kipengele kilichozua gumzo zaidi katika marekebisho ya 2025 ni cha unyanyasaji wa mtandaoni, ambacho sasa kinagusa hata mawasiliano yanayoweza kumsukuma mtu kujiua. Siku chache baada ya saini, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kipengele hicho ili kesi isikilizwe. Hata zisingesimamishwa, ni safari ndefu kutoka hapo hadi kwa mteja aliyeandika kwamba mkanda wa mkoba ulikatika siku ya pili. Kuhusu kuharibiwa jina, Mahakama Kuu iliamua Februari 2017 kwamba kumfungulia mtu kesi ya jinai kwa kumvunjia mwenzake heshima ni kinyume cha Katiba. Kilichobaki ni kesi ya madai, ambamo ukweli ni ngao, na ambamo muuzaji atalazimika kusimama mbele ya hakimu aeleze mkanda ulikatikaje.

Mwenye sababu ya kuogopa sheria hapa ni muuzaji mwenyewe. Kuna mtindo umezuka wa kumwanika mteja: mazungumzo ya WhatsApp yanapigwa picha, jina kamili linatolewa kwenye ujumbe wa M-Pesa, nambari ya simu inaongezwa, wakati mwingine hata ploti aliyopelekewa mzigo, kisha yote yanaposti­wa na maneno "huyu ndiye anayetuchafulia jina." Mteja alitoa habari hizo ili alipe na aletewe mzigo, hakuzitoa kwa kazi nyingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaangalia jambo hilohilo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera, hapa hapa Nairobi, faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ilikuwa picha tu, ya mtu aliyekwenda kujiburudisha. Muuza wigi anayeposti nambari ya mteja na kuisindikiza kwa matusi ajiulize yeye angetozwa ngapi.

Hata hivyo, Mgala muue na haki mpe. Wauzaji hawalii bure. Michael Luca wa Chuo cha Biashara cha Harvard alichunguza mikahawa ya Seattle na kuona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao ambao wateja huandika maoni na kuzipa biashara nyota, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo iliigusa mikahawa huru, si ile yenye matawi kila mji. Maana yake ni kwamba kampuni kubwa yenye jina inaweza kuvumilia nyota moja hapa na pale, lakini mama wa keki asiyejulikana nje ya mtaa wake anaishi kwa nyota hizo. Halafu kuna hujuma. Luca na mwenzake Georgios Zervas waliangalia Boston na kukuta kwamba takriban asilimia 16 ya maoni ya mikahawa yalikuwa yamechujwa na Yelp kwa kushukiwa, na kwamba maoni mabaya ya kughushi huongezeka pale washindani wa aina moja wanapokaribiana. Yeyote aliyepanda ngazi za jengo la vibanda Moi Avenue, ghorofa mbili zenye viatu vilevile na bei ileile, hatashangaa kusikia hivyo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu haina dawa rahisi. Ni mteja anayetumia lalamiko kama kisu: nirudishie pesa na kiatu nibaki nacho, la sivyo nakuposti. Au kijana mwenye wafuasi wengi anayetaka keki ya bure, akinyimwa anasema keki ilikuwa na nywele. Watu hawa wapo. Wamewaliza wauzaji waaminifu, na anayeandika kuhusu haki za wateja bila kuwataja hajawahi kuuza hata karanga.

Hoja hizo nazikubali. Dawa ndiyo ninayoikataa, ile ya kufuta komenti na kumfungia mteja. Nitoe mfano wangu mmoja tu. Mwaka jana niliagiza birika la stima kwenye ukurasa mmoja wa vyombo vya jikoni. Lilikuja likivuja. Simu haikushikwa siku tatu, kwa hivyo nikaandika chini ya picha, kwa upole kabisa, kwamba langu linavuja na ningependa kubadilishiwa. Dakika kumi baadaye komenti haikuwepo na ukurasa wenyewe siuoni. Jioni ile nilisimulia habari hiyohiyo, sasa bila upole, kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu, watu zaidi ya 200. Mwenye ukurasa hakuwa na njia ya kuiona, achilia mbali kuijibu.

Hilo ndilo wanaofuta hawalipigii hesabu. Mkono wa muuzaji una urefu wake. Kwenye Instagram na TikTok anaweza kufuta komenti iliyo chini ya posti yake. Kwenye Google hawezi. Anaweza tu kujibu, au kuripoti ikiwa maoni yamevunja kanuni. Kwenye X, kwenye makundi ya Facebook ya akina mama, kwenye WhatsApp ya familia na ya chama, hana hata kiti. Anapolifukuza lalamiko nyumbani kwake, ambako angelijibu akiwa mwenyeji, analisukuma hadi baraza ambalo yeye ndiye pekee asiyealikwa. Na linaondoka likiwa na sura mpya, kwani birika linalovuja limegeuka kuwa muuzaji anayewafungia watu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakujua kilio kitakuja na picha.

Wanaokwenda mbali zaidi na kukimbilia polisi watazame Lagos. Septemba 2023 mwanamke mmoja aliandika Facebook, kwa wafuasi wapatao 18,000, kwamba nyanya za kopo za Erisco Foods zina sukari nyingi mno. Kampuni ilishikilia kuwa madai hayo ni ya uongo na ya kuiharibia, mwanamke akakamatwa na polisi, na akadaiwa naira bilioni 5. Sitaamua hapa nani mkweli kuhusu sukari. Naona tu kwamba mimi niliye Nairobi, nisiyewahi kuionja nyanya hiyo wala kuiona dukani, leo najua jina la kampuni na najua ililalamikiwa kwa nini.

Upande wa pili wapo walimu wa biashara wanaofundisha kinyume chake: mteja ni mfalme, omba msamaha kwa kila kitu, rudisha pesa kwa yeyote. Ushauri huo unapendeza kwenye semina za hotelini. Kwa mtu mwenye mtaji wa Sh30,000 ni njia ya kufilisika kwa adabu. Tena haumshawishi mtu. Msomaji akikuta chini ya kila lalamiko maneno yaleyale, "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, tafadhali njoo inboksi," anatambua kwamba hakuna aliyesoma. Kuna pia wanaojifariji kwamba sifa mbaya nayo ni tangazo. Chembe ya ukweli ipo: Jonah Berger na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba uhakiki mbaya katika New York Times uliongeza mauzo ya vitabu vya waandishi wasiojulikana kwa asilimia 45, huku ukipunguza ya waandishi mashuhuri kwa asilimia 15. Lakini aliyenunua kitabu kibaya ana kitabu mkononi. Malalamiko ya hapa kwetu aghalabu ni ya pesa iliyokwenda na simu isiyoshikwa, na sijakutana na mtu aliyevutiwa na hayo.

Basi jibu liandikweje? Kwanza tujue linaandikiwa nani, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Aliyelalamika huenda ameshaamua kutorudi. Wanaosoma ni wale wapitao kimya kimya, usiku, na Sh3,000 kwenye simu na shaka moyoni. Hao hawaulizi kama muuzaji hukosea, wanajua hukosea kama watu wote. Wanauliza: likinipata mimi, itakuwaje? Tuseme mteja ameandika, "Niliagiza nyeusi mkaniletea ya kijivu, nikipiga simu hamshiki." Muuzaji akajibu: "Pole dada, ni kweli. Ijumaa tulifunga mikoba miwili kwa haraka tukachanganya, na simu alikuwa nayo mdogo wangu. Nyeusi itakufikia kesho kabla ya saa sita, bodaboda atachukua ile ya kijivu, nauli ni yetu." Neno la kuomba radhi hapo ni moja. Mengine yote ni habari: kilichotokea, lini kitatengenezwa, nani analipa nauli. Mpita njia ameona duka likifanya kazi likiwa limeteleza, jambo ambalo hakuna picha ya bidhaa inayoweza kumwonyesha.

Na yule mwenye kughushi? Hapa Nairobi tuna bahati ambayo Boston hawana. Karibu kila mnunuzi halisi ana ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe, saa na msimbo wa malipo. Jibu la heshima linatosha: "Kaka, nimepekua daftari sijaliona jina hili. Nitumie inboksi ule ujumbe wa malipo nikufuatilie leo." Mteja wa kweli atautuma. Aliyetumwa na jirani wa ghorofa ya pili hana cha kutuma, na ukimya wake unabaki pale chini ya jibu, kila mtu akiuona. Wala usimwambie aweke msimbo huo hadharani. Ukishaingia hapo umerudi kwenye mambo ya Kamishna wa Data. Hata mwenye kisu cha keki ya bure hupungukiwa na nguvu akijibiwa kwa tarehe, picha ya keki kabla haijaondoka na saa ambayo bodaboda aliikabidhi, ingawa sitadanganya kwamba hushindwa kila mara.

Davide Proserpio na huyohuyo Zervas walifuatilia hoteli zilizoanza kujibu wateja kwenye TripAdvisor, mtandao wa maoni ya wasafiri. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017 waliona maoni yakiongezeka kwa asilimia 12 na wastani wa nyota ukipanda kwa 0.12. Ni kidogo, lakini sababu waliyoitoa ndiyo inayofaa kutafakariwa. Mtu akijua kwamba atajibiwa, husita kutupa maneno mawili ya hasira yasiyo na msingi. Anayelalamika hulalamika kwa kirefu na kwa maelezo. Wenye vijembe hupungua, wenye kero za kweli hubaki, na kero ya kweli yenye maelezo ndiyo unayoweza kuirekebisha.

Gharama nayo tuitazame bila kuogopa. Kiatu kilichonunuliwa Gikomba kwa Sh1,500 na kuuzwa Sh2,500, kikirudi, kitauzwa tena. Hasara ni nauli mbili, tuseme Sh600. Muuzaji yuleyule hulipia matangazo ya Facebook Sh500 kwa siku bila kununa. Kitu kimoja tu asifanye: kumwambia mteja "nitakurudishia ukifuta kwanza." Hapo amegeuza haki kuwa hongo, na mazungumzo hayo yatapigwa picha kabla hajaweka simu chini. Nchi nyingine zimeshaanza kuliziba shimo hilo kwa sheria. Tangu 2016 Marekani imebatilisha mikataba inayomzuia mteja kutoa maoni ya kweli, kisha Oktoba 2024 kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kughushi ikaanza kutumika huko. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Wanaosubiri sheria iwanyamazishe wateja wao wanatazama barabara ambayo gari halitokei.

Faida nyingine haionekani kwa wapita njia. Mali bila daftari huisha bila habari, na malalamiko ni daftari ambalo muuzaji hakulipa mtu kuliandika. Kiatu cha mtumba kinaweza kuwa na nambari tatu ndani ya ulimi wake, ya Uingereza, ya Marekani na ya Ulaya, na muuzaji mwenye haraka husoma ile isiyofaa. Wateja wanne wakisema kiatu kilikuja kikubwa, tatizo liko kwenye macho ya anayesoma nambari. Watano wakisema rangi si ile ya kwenye picha, ni taa ya kibanda. Apige picha nje, asubuhi. Aliyezifuta komenti hizo tisa ataendelea kulipa nauli za kurudisha hadi mtaji uishe, huku akiwalaani wateja wa Nairobi kwamba hawaridhiki.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza kinachotokea kwenye soko la magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutambua gari zima na bovu, huyatolea yote bei ya katikati. Mwenye gari zima huona anapunjwa, anajiondoa, na soko hubakiwa na mabovu. Soko letu la mtandaoni linaelekea huko. Tayari wanunuzi wanaambiana: ukikuta komenti zimefungwa, pita. Matapeli hufunga kwa sababu wanazozijua, lakini muuzaji mwaminifu aliyefunga kwa sababu ya maneno matatu yaliyomuuma amejipanga nao rafu moja. Mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha isipokuwa bei, naye atauliza kwa nini wigi hili ni Sh6,000 na kwa jirani ni Sh3,500. Muuzaji atakosa la kuonyesha. Pale palipoonyesha kwamba mwezi Machi alikosea, akashika simu na kubadilisha mzigo kwa nauli yake, alipafuta mwenyewe.